Raphaël Kabonga, Shefu Aliyeomba Daraja la Lwenge

Siku moja jirani yake, Mama Waridi, alimwuliza Victorine, mdogo wa marehemu Raphaël: "Wewe dada, yaya yako, kaka yako mukubwa, anakaa meza moja na wazungu, anakula nao mukate. Sasa juu ya nini sisi tungali tunavuka Lwenge, maji mupaka kifuani?" Victorine aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka ikawa kama uji. Maisha yanayosomwa hapa ndiyo jibu aliloshindwa kulitoa siku ile, na Mama Waridi, ambaye amekuja kulia pamoja nasi, alipokee.

Marehemu Raphaël Kabonga alizaliwa mwaka 1899 katika kijiji cha Lukungu, ng'ambo ya pili ya mto Lwenge, teritwari ya Kabambare. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alisema ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Baba yake, Alimasi, alikuwa mkulima tu, si mtu wa ukoo wa utawala. Mwaka 1916 alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, akaenda upande wa Tanganyika, na mpaka leo hatujui amelala wapi. Mama Régina akabaki na watoto wawili, akawalea kwa jembe na kwa chumvi aliyoichemsha kutoka majani ya mtoni.

Raphaël alianza shule ya misioni ya Kasongo mwaka 1909, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1912. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alichukua kaa la moto lililozimika, akaandika jina la mama yake kwenye ubavu wa chungu. Mama Régina hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikataa chungu kile kisioshwe. Walipikia cha kuazima muda mrefu, na Victorine ndiye aliyetumwa kukiomba kwa majirani.

Mwaka 1921 aliingia kazi ya ukarani barazani. Mwaka 1932 alifanywa mwamuzi, na tarehe 4 Julai 1938 akachaguliwa kuwa shefu wa sekta, yeye mtoto wa mchemsha chumvi. Wengi walinung'unika, wakasema kiti kimepotea njia. Alikikalia kwa miaka ishirini. Barazani kwake kiboko kilining'inia ukutani mpaka buibui wakajenga juu yake. Alimwacha kila mtu amalize maneno yake, hata mwongo, hata yule wa kurudia.

Alifunga ndoa na Marcelline, binti wa katekista wa Wamaza, tarehe 9 Septemba 1924. Walipofika Lwenge bwana arusi hakutaka viatu vya bibi arusi vilowane, akambeba mgongoni. Katikati ya mto akateleza, wote wawili wakazama na nguo zao nyeupe. Marcelline alipotoa kichwa majini aliuliza mbele ya wakwe: "Raphaël, umenioa ao umenibatiza tena?" Walicheka mpaka kijijini. Lakini tangu siku ile marehemu alisema kwamba akipata nguvu ya kusema mbele ya wakubwa, ataomba jambo moja: daraja.

Aliliomba maisha yake yote. Aliona wanawake wakivuka na vikapu vya pamba kichwani, wakiteleza, na karani wa soko akiikataa pamba iliyolowana. Aliona wagonjwa wakingoja ukingoni maji yapungue. Kila administrata aliyekuja, yaani mzungu anayetawala teritwari, marehemu alimweleza. Huyu alisikiliza, akaanza kuelewa, akahamishwa. Akaja mwingine, marehemu akaanza tena kama mtu anayefundisha alfabeti.

Na hapa lazima tuseme ukweli wetu sisi watu wa Lukungu. Kila liliposikika neno kwamba mkubwa anakuja safari, tulikata miti, tukaitandika juu ya mto, tukaifunga kwa kamba za msitu na kuipamba kwa makuti. Hivyo ndivyo mgeni anavyopokewa kwetu. Administrata alipita juu akiwa ndani ya tipoyi, kiti kile kinachobebwa mabegani, hata kiatu chake hakikujua Lwenge ni baridi. Mvua ya kwanza ikachukua miti yote.

Mwaka 1949 marehemu alikataza. Alituma neno kwamba safari hii hakuna kukata hata fito. Mama yake, aliyekuwa mzee tayari, alimfuata mpaka barazani.

"Raphaël, mugeni anakuja kwetu, tumuache aingie majini kama mbuzi?"

"Mama, ninataka alowane. Akilowana ndipo ataandika."

"Alowane kwa wengine. Watu watauliza, huyu shefu alizaliwa na nani?"

"Mama, mimi ndiye shefu."

"Ndiyo, shefu. Na mimi ndiye niliyekuosha."

Kulipopambazuka daraja lilikuwa limetandikwa. Wanawake wa Lukungu walilifanya, Victorine pia, na Mama Régina alisimama mwisho wake ameshika kuku wa zawadi. Administrata alivuka, akashuka kwenye tipoyi, akaligonga daraja kwa fimbo yake, akacheka: "Shefu, unalia juu ya nini? Kilalo, daraja hii, iko muzuri sana!" Marehemu alimwangalia mama yake. Mama yake alikuwa anatabasamu. Marehemu alisema asante, kwani alikuwa mtu wa adabu, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake mpaka chakula kikapoa.

Mama Régina alifariki mwaka 1953, akazikwa Lukungu. Sisi hatukuacha kutandika miti. Marehemu alikataza tena, nasi tukaitikia ndiyo, kisha tukakata.

Mwaka 1955 alipewa medayi ya utumishi mwema. Alimwonyesha dada yake, akasema: "Victorine, hii nikiitandika mutoni, watapita watu wangapi?" Mwaka 1957 aliitwa kukaa katika baraza la jimbo kule Bukavu. Alisimama mbele ya wakubwa wote akaomba daraja la Lwenge. Wakafungua taarifa za safari, wakamsomea kwa upole kwamba daraja la Lwenge lipo, na hali yake ni nzuri, kama lilivyoonekana na maadministrata wote waliopita. Alirudi nyumbani bila kugombeza mtu. Afadhali angetugombeza.

Mwezi wa nne mwaka huu kifua kilimshika. Watoto wake walimchukua kwa kitanda kumpeleka hospitali ya Kasongo, lakini Lwenge ilikuwa imejaa. Walikaa naye ukingoni chini ya makuti, mvua ikimnyeshea shefu wa miaka ishirini, mpaka maji yakaruhusu. Alipofika, daktari alijitahidi, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia ndani. Alipokea sakramenti, akafariki tarehe 27 Mei 1959, alfajiri, rozari mkononi.

Ameacha mjane, Mama Marcelline, watoto wanne, yaani Placide, mwalimu kule Nyangwe, Jean-Marie, fundi wa mbao Salamabila, pamoja na Clotilde na Bernadette walioolewa Kasongo, wajukuu wengi, na mdogo wake, Victorine. Mungu ampe kiti ambacho hakina manung'uniko, na atusamehe sisi tuliompenda kwa namna iliyomchosha.

Sasa tutatoka katika kanisa hili dogo, tutashuka mtoni, tumpeleke Lukungu akalale karibu na mama yake. Bwana administrata amekubali kutusindikiza mpaka kaburini, tunamshukuru sana. Kiangazi kimeanza, maji leo yanafika kiunoni tu. Tumesikia kwamba vijana wamekwisha kukata miti tangu jana, kwa heshima. Wanaombwa kwa upendo waiache chini. Marehemu, akiwa hospitalini, alimshika dada yake mkono na kumwachia ombi moja, na Victorine, anayewasomea maisha haya, analisoma kama alivyolisikia:

"Siku ya kunizika musitandike miti. Bwana administrata avuke kwa miguu yake mwenyewe, na mumushike mukono asianguke."