Fabiola Baltazar Qamara, Mshenga wa Wafadhili (1978–2025)

Baba Padri, wazee wetu, shikamooni. Wafiwa wenzangu, na ninyi wageni wetu mliotoka Arusha, poleni na safari. Mimi ni Tadei, mdogo wake marehemu. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe. Baba Padri aliusoma jana akaniomba niupunguze ukali, nami nimepunguza. Uliobaki ndio huu.

Marehemu Fabiola alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1978 hapa hapa Tumati, mtoto wa pili wa mzee Baltazar Qamara, aliyetangulia, na mama yetu Agatha, ambaye mnamwona ameketi pale. Tangu utoto hakuweza kuona mwenye kitu na mwenye kukihitaji wakikaa mbalimbali. Jirani mmoja alikuwa na jogoo, mwingine alikuwa na mitetea tu. Fabiola alimkwapua jogoo wa watu akampeleka anakohitajika, bila kumwuliza mtu. Alichapwa. Vifaranga walipototolewa, majirani wote wawili walikuja kumshukuru mama, lakini viboko havikurudishwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza mwaka 1993, kisha sekondari Mbulu mjini. Mwaka 2001 alipata stashahada ya maendeleo ya jamii. Tarehe 10 Juni 2006 alifunga ndoa Katesh na Tito Gidamis, wa familia ya wafugaji wa Basotu. Baba mkwe alipomwuliza kama anajua kukamua, alijibu, "Sijui, baba, ila namfahamu anayejua. Nitawakutanisha." Mzee alicheka, na ng'ombe wa mahari walitoka.

Mwaka 2009 aliajiriwa Arusha na mfuko mkubwa wa wafadhili wa nje. Mama hakuielewa kazi hiyo, akamtaka aieleze. "Mama, mimi ni mshenga," alisema. "Wenye mali wanatafuta watu wanaofanya kazi ya kweli. Wanaofanya kazi ya kweli wako vijijini huku, hawajulikani. Mimi nawaendea hawa, nawaendea wale." Mama akauliza, "Na mahari anakula nani?" Fabiola alicheka mpaka akakaa chini. Hakula mahari ya mtu. Alipita Tlawi, Nambis na vijiji vya Hanang kwa miguu na kwa bodaboda, akiangalia mambo yenyewe: maji yanatoka au hayatoki, watoto wanasoma au wameandikishwa tu. Vikundi vingi vilivyopata msaada na bado viko hai vilipita mikononi mwake.

Kimoja hakikupata, nacho ni cha hapa kwetu. Mnakijua kikundi cha machela cha Bibi Fransiska. Mama mjamzito akishikwa na uchungu mvua ikiwa imekata njia, hao ndio wanaombeba hadi barabarani. Walichoomba ni gari moja la kusubiri pale barabarani. Fabiola aliwaombea kwa muda mrefu, na Aprili 2021 wafadhili wenyewe wakakubali kuja kuona.

Siku hiyo gari la Fabiola lilinasa kwenye tope, la wageni likatangulia. Walipofika, walimwuliza Bibi Fransiska kupitia mkalimani wao, "Mna shida gani?" Bibi akajibu, "Hatuna shida. Karibuni kwanza mle." Jamani, angejibu nini? Kwetu mgeni hajanawa mikono, unaanzaje kumlilia? Kijana wa watu alitafsiri vilevile alivyosikia. Wageni waliandika, wakaaga, wakasema wana kikao mjini. Ugali ulikuwa bado jikoni. Fabiola alikutana nao njiani wakirudi.

Aliwaeleza. Aliwaeleza tena Arusha. Akaambiwa asiendelee, kwa kuwa Tumati ni kwao na anaonekana kupendelea. Taarifa ilisema wananchi wa hapa hawajaona uhitaji. Gari likapewa shirika moja la mjini, ambalo Baba Padri ameniomba nisilitaje. Wenyewe wako hapa, wameleta shada kubwa la maua. Ahsanteni kwa maua.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitumia dawa na kuendelea na kazi, ingawa daktari alimkataza safari za milimani. Tarehe 5 Mei mwaka huu, akiwa amekuja kumsalimia mama, alizidiwa asubuhi. Njia ilikuwa imekatika. Nilipiga simu mimi mwenyewe kwa lile shirika, nikaomba gari litusubiri barabarani. Dereva alisema yuko tayari, mafuta yapo, ila gari halitoki bila idhini ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko kwenye semina, simu amezima. Nikauliza semina ya nini. Ya huduma za dharura vijijini.

Kikundi cha Bibi Fransiska kilimbeba dada yangu. Tulifika barabarani, tukakuta barabara tupu. Tulimlaza kivulini tukisubiri gari la kukodi, Bibi amempakata kichwa. Akamwuliza, "Fabiola mwanangu, una shida gani?" Dada akafumbua macho, akatabasamu kidogo. "Sina shida, bibi. Ninyi mmekula?" Hakusema tena. Gari la kukodi lilipofika, lilimrudisha nyumbani.

Nina hasira, Baba Padri, unisamehe. Nimeizuia tangu siku ile na leo imenishinda.

Marehemu ameacha mume, Tito. Watoto wawili, Letisia na Herman. Mama yetu Agatha. Mimi mdogo wake. Na kikundi cha machela, ambacho jana tu kimembeba mama mwingine, na barabara ilikuwa tupu vilevile.

Wageni wetu wa mfuko, baada ya maziko chakula kipo, na safari hii msikimbilie kikao. Kaeni, naweni, mle mshibe. Kisha mwulizeni Bibi Fransiska upya lile swali lenu. Atawajibu.

Dada Fabiola, mshenga wetu, lala kwa amani ya Bwana. Kuanzia leo shida zetu tutazisema wenyewe.