Aliyepiga Nyuma ya Pazia

Ndugu waombolezaji, historia hii ya marehemu imeandikwa na dada yake mkubwa na inasomwa kama ilivyo, kwa kuwa ile iliyoletwa jana na meneja wa bendi, inayomwita marehemu "msaidizi wa jukwaani", familia imeikataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, na gitaa hakufundishwa na mtu, alilifungua la mjomba, akaliharibu, akachapwa, akalitengeneza, akaendelea.

Mwaka 1981 aliingia katika bendi ya mwimbaji na mpiga gitaa wa roki mnayemfahamu nyote, tuliyemwita Mzee tangu akiwa kijana kwa jinsi alivyopenda kuamkiwa, marehemu akapiga gitaa la pili, akafunga ndoa na muuguzi tarehe 12 Juni 1987, wakajaliwa mabinti wawili, 1990 na 1996.

Mwaka 2003 vidole vya Mzee vikakakamaa kwa ugonjwa wa viungo, na kuanzia onyesho la tarehe 9 Agosti, kwa miaka kumi na sita, Mzee alisimama mbele na gitaa lisilounganishwa na spika yoyote, akikunja uso na kutikisa nywele, huku marehemu akiwa ameketi kwenye stuli nyuma ya pazia jeusi, akipiga kila solo mliyoishangilia. Dada alipomuuliza anakubalije, alicheka, "Dada, yeye ana nywele, mimi nina vidole." Lakini mwaka 2008 binti mdogo alipowaambia wenzake darasani kwamba anayepiga ni baba yake, akaitwa mwongo, akarudi nyumbani analia, siku hiyo marehemu hakucheka.

Alistaafu mwaka 2019, na Mzee hajapanda jukwaani tangu hapo, jiulizeni wenyewe. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki tarehe 17 Januari mwaka huu, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Meneja ametuomba tusimwaibishe mtu mzima msibani. Hatumwaibishi, tunamzika wetu mbele za watu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioleta viti bila kuombwa, mpiga ngoma na mpiga kinanda waliotia saini zao chini ya karatasi hii, na Mzee mwenyewe, aliyekaa safu ya kwanza, akiwa na la kukanusha kipaza sauti hiki hapa.

Mwanao hakusema uongo, mdogo wetu. Sasa pumzika, na amani iwe yako.