Kupiku Maana Yake Nini

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukutani, nje ya duka la vipuri vya baiskeli, na mguu wake mmoja mbovu umesaidiwa na tofali. Anayekaa upande ule akiinuka bila kuaga, wenzake wote wanamwagika. Kahawa ni ya Mama Birika, mama mnene mwenye maneno machache, na wateja wake wa kila siku ni watu wanne. Wa kwanza ni Kamusi, karani mstaafu ambaye tangu azaliwe hajawahi kutamka "sijui". Wa pili ni Refa, kinyozi, mpinzani wa Kamusi kwa jambo lolote hata likiwa la kheri. Wa tatu ni Breki, dereva wa malori aliyestaafishwa na mgongo wake. Wa nne ni Fundi Sindano, mshonaji, na jioni hiyo Fundi Sindano alikuja kijiweni akiwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa.

Alipewa kikombe, akakishika tu. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kuuliza kitu na hataki ionekane anauliza.

— Hivi jamani, kupiku ni nini?

— Nani kauliza? akadakia Refa.

— Mteja tu. Kalitaja dukani, nikaona aibu kumuuliza.

Mteja gani! Juzi alikuwa amelala chumbani, kichwa kinamgonga, akamsikia binti yake jikoni akiongea na simu. Binti anaolewa wiki ijayo. Akamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, hata ya furaha: "Baba ni fundi sawa, lakini kwa magauni binamu amempiku. Langu atashona yeye." Huyo binamu ni mpwa wake Fundi, binti wa dada yake, aliyemfundisha mwenyewe kutunga uzi kwenye sindano, na sasa ana duka lake hapo kona ya pili. Tangu juzi Fundi hasemi na mtu nyumbani. Jana akamwambia mkewe wazi kwamba harusini hatakanyaga, waendeshe wenyewe shughuli yao. Lile neno hakulijua vizuri, lakini moyo ulishalielewa, ukawa unamuuma pale pale.

Kamusi alikaa sawa, akakunja nne.

— Kupiku, ndugu yangu, ni kitenzi. Mtu akimpiku mwenzake, maana yake ame—

Refa alimpiga kiwiko cha mbavu. Kahawa ikamwagika kidogo kwenye suruali ya Kamusi, naye, ajabu, hakugomba. Alimtazama Refa, akamtazama Fundi, akameza mate.

— Ame... amefanana naye. Ndiyo. Mtoto akikupiku, amekufanana. Sura, mwendo, kila kitu.

— Kabisa! akasema Refa. Mimi haya masikio yote mnayoyaona nimempiku babu mzaa mama. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo wahenga wanaingiaje? akauliza Breki.

— Masikio yalikuwa mageni, babu ndiye mwenyeji. Tuliza akili.

Fundi alimgeukia Kamusi.

— Sasa mtu akisema fulani kampiku fulani kwa magauni?

Breki akakuna kidevu, akajitosa kusaidia.

— Magauni si ndiyo heshima yenyewe? Hilo neno la heshima hilo. Zamani ulikuwa humpiku mtu hivi hivi. Unabisha hodi, unaomba ruhusa, unapiga goti moja.

— Magoti mawili, akasahihisha Kamusi. La pili ndilo lenye uzito.

— Hata hospitali wanalo, akaendelea Breki, maana uongo wake ukishaanza ni kama gari lililoshika mteremko, haurudi. Mimi daktari aliwahi kunipiku mgongoni, hivi, kwa vidole viwili. Akaniambia kohoa. Nikakohoa. Kikohozi kikaisha siku ile ile.

— Ulikuwa unaumwa mgongo au kikohozi? akauliza Mama Birika.

— Vyote viliisha, mama. Ndiyo uzuri wa kupikuana.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Kamusi kwa huzuni, na Refa akaitikia:

— Hapo umesema kweli tupu.

Hapo ndipo Fundi alipowashtukia. Miaka yote aliyokaa benchi hilo, Refa hajawahi kumwambia Kamusi kwamba amesema kweli. Hawa wawili walishawahi kubishana kama leo ni leo. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akakimbilia kikombe chake. Kumbe walikuwa wanajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua gauni linashonwa wapi, na watu wazima hawa, wenye wajukuu, walikuwa wanadanganya mpaka wanatoka jasho ili tu yeye asiumie. Alitaka kuwakasirikia, hasira ikakataa kuja. Aliwapenda sana wakati ule, wajinga wale.

— Mnanifanya mtoto mdogo, alisema. Mama Birika, wewe huna mdomo wa uongo. Kupiku ni nini?

Mama Birika alishusha birika.

— Ni kukuzidi, baba. Mlikuwa pamoja kwenye kazi moja, mwenzako kakupita, kakuacha nyuma. Ndiyo kupiku.

— Aa, mama nawe! akalalamika Refa.

— Kauliza. Nimemjibu.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado anaitikia wakati mpwa wake alipotokea kwenye kona, amebeba kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe, amekikumbatia kwa mikono miwili kisiguse vumbi.

— Shikamooni wazee. Mjomba, nimekufuata dukani, nimekukuta umefunga. Nyumbani mkaza mjomba kasema huongei na mtu.

— Marahaba, walisema wengine. Fundi alitazama ukuta.

— Mjomba, nguo za wateja wengine naziachia tu siku hizi. Hii siwezi kumpa bibi harusi kabla hujaitia mkono. Naomba uniambie kosa liko wapi.

Kila aliyewahi kufundishwa na Fundi Sindano anajua ibada hiyo. Nguo yoyote ukimpelekea, haitazami kwa nje. Anaigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, na lazima atapata kosa. Akilipata anafumua palepale mbele yako, hata kama mteja amesimama mlangoni. Huyu mpwa wake amefumuliwa nguo mpaka akalia, akashona tena, akafumuliwa tena.

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akaligeuza gauni. Benchi zima likainama naye. Alianza na kwapa, maana kwapa ndipo mafundi wengi wanapoumbukia. Akashuka kiunoni, mshono wa mbele ukakutana na wa nyuma bila kupishana hata uzi. Akavuta zipu. Akaangalia kama bitana imevuta kitambaa, haikuvuta. Akazunguka pindo lote, pole pole, kidole kinatangulia na macho yanafuata.

— Tafuta vizuri, alinong'ona Breki. Hakukosekani hata kauzi kamoja.

— Hata ka kusingizia, akasema Refa.

Na kusingizia kulikuwa rahisi! Angesema tu "kwapa limebana," mpwa wake angeamini, angelia, angelifumua usiku kucha, na kesho mtaa ungejua kwamba Fundi bado ni Fundi. Maneno yalikwishafika kwenye ulimi. Akamwangalia mpwa wake aliyekuwa ameshika shuka kwa vidole vilivyotobolewa na sindano, anangoja hukumu na hapumui, na maneno yale yakamshinda kuyatoa. Kosa halikuwapo, na yeye hajawahi kumdanganya mtu kuhusu mshono.

Alilirudisha gauni upande wake wa nje, akalikunja kwa adabu, akampa.

— Umenipiku, alisema.

— Ndiyo nini hiyo, mjomba?

Kamusi alipuliza kahawa yake. Refa alitazama viatu vyake, Breki akatazama angani, Mama Birika akakumbuka moto wake unataka kupepewa. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na ukungu ule ule.

— Maana yake toa futi unipime, alisema. Baba wa bibi harusi hawezi kwenda na suti aliyojishonea mwenyewe wakati mtaani kuna fundi.

Akainuka upande wa tofali bila kuaga, wenzake wakamwagika, naye akasimama mbele ya mpwa wake, akainua mikono yote miwili pembeni, akatulia apimwe.