Maisha ya Mama Pedeli, Mkunga wa Baiskeli

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutufuta machozi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pedeli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, binti wa kwanza wa wazazi wetu, na mama alikuwa akisema kwamba huyu alitembea kabla hajajua kukaa, maana kukaa kulimshinda tangu utotoni. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, ng'ambo ya reli, na miaka hiyohiyo alijifundisha baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, kwa kuwa siti hakuifikia, akachubuka magoti, akaficha majeraha chini ya sketi, kesho yake akarudi tena. Alihitimu ukunga Novemba 1977, akapangiwa zahanati ya nyuma ya soko, akapewa baiskeli nyeusi yenye keria, na kuanzia hapo kumkuta ametulia mahali ikawa bahati.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, mtu mpole asiyejua kabisa kuendesha baiskeli, hivyo yeye ndiye aliyebebwa nyuma na mkewe, watu wakacheka njia nzima, naye akawajibu, "Chekeni tu, mimi nafika." Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao wote wapo hapa.

Mchana mmoja wa Agosti 1986, aliitwa kumzalisha mke wa mwashi, na kwa kuwa alisikia kilio kutoka ndani, alipitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele tu, akafunga kufuli kwenye nguzo, akaingia mbio. Alipotoka alikuta gurudumu la mbele limefungwa barabara, na baiskeli yenyewe haipo. Kabla hajapata la kusema, akaitwa kwa muuza mkaa, mwisho kabisa wa mji, akakimbia kwa miguu na mkoba wake kichwani, na alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa, ameshanyamaza milele. Mama wa mtoto yule alimshika mkono, akamwambia, "Si wewe, dada, ni mwizi," lakini dada hakulipokea neno hilo, wala hata mwaka uliofuata, alipomzalisha mama huyohuyo mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa, roho yake haikutua.

Tangu hapo hakuweza kuipita baiskeli isiyofungwa, alisimama kando yake akiuliza, "Mwenye hii ni nani?" mpaka mwenyewe ajitokeze, apate somo lake hapohapo, kwamba kufuli lishike fremu na gurudumu kwa pamoja, kwenye kitu kisichong'oka wala kunyanyuka, na mnyororo usilale chini, maana ukilala chini mwizi anapata pa kuugongea nyundo. Jumamosi alifundisha kwenye uwanja wa shule, akina mama wengi wakiwa hawajawahi kushika usukani, akiwaambia wabonyeze tairi na wajaribu breki zote mbili kabla ya kupanda, watazame nyuma kabla ya kukata kona, wanyooshe mkono mapema, na wasipite karibu na milango ya magari yaliyoegeshwa. Nyumbani aliacha chakula kinapoa ili akatikise kufuli la baiskeli yake mpya, shemeji akimwambia, "Mke wangu, hebu kaa," naye akijibu, "Nilikaa jana."

Alistaafu mwaka 2016, ila kustaafu kulikuwa kwa karatasi tu. Mwaka 2022 miguu ilianza kuvimba, ikaonekana moyo umechoka, daktari akamkataza baiskeli, na kwa kweli katazo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa, akawa anazunguka chumbani kama anayetafuta kitu. Ndipo shemeji, na mvi zake kichwa kizima, alipoamua kujifunza. Dada alisimama uwanjani na fimbo akipaza sauti, "Usitazame gurudumu, baba, tazama unakokwenda!" naye akaanguka, akajikung'uta, akapanda tena, hadi akaweza kumpakia mkewe kwenye keria na kumpeleka kliniki, akielekezwa kutoka nyuma kila kona.

Asubuhi moja, wakitoka kliniki, mgongoni kukawa kimya, na shemeji aliogopa kwamba amemuudhi, au kuna baya zaidi, lakini walipofika getini jirani aliweka kidole mdomoni, kwani dada alikuwa amelala, shavu limeegemea mgongo wa mumewe. Shemeji alisimama vilevile, miguu chini, mikono kwenye breki, mpaka alipoamka mwenyewe.

Dada yetu alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, wodini, mumewe akiwa kando yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliokuja bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na ninyi wanafunzi wake wa uwanjani mliokuja leo na baiskeli zenu.

Shemeji alitakiwa aseme neno, akaninong'oneza nimsemee. Dada, mumeo anasema hukuwa mzito hata siku moja. Pumzika kwa amani.