Konokono wa Njano wa Upande wa Pili wa Ukuta

Ndugu, majirani na wenzake wa chuoni mliofika kutufuta machozi, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Konokono mpaka mkasahau kwamba ana jina jingine, naye hakuwahi kulalamika.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1965, na huko ndiko ubishi wake ulikoanzia, maana alipoambiwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka alikubali, kisha akauliza mbona basi watoto wa mama mmoja hawafanani, akatolewa nje ya darasa. Swali hilo alitoka nalo, akapita nalo sekondari, akafika nalo chuo kikuu, ambako alipata shahada ya biolojia tarehe 21 Novemba 1981.

Februari 1982 aliajiriwa na chuo chetu cha ualimu kufundisha mageuko ya viumbe, akapewa maabara yenye bomba lisilokoma kudondoka na dirisha linalotazama ukuta, upande wa huku ni bustani yenye kivuli, upande wa pili ni maegesho ya magari yenye nyasi kavu. Konokono wengi walikuwa wa kahawia, wa njano wachache, dada akawaza kwamba kule kwenye nyasi kavu ndege watawaona upesi wale wa kahawia na kuwadokoa, wa njano watafichika, watazaa, na watoto wao watarithi rangi, haba na haba hujaza kibaba, mpaka maegesho yote yawe ya njano. Huo ndio uteuzi wa asili, alikuwa akiwaambia wanafunzi, hauna mpango wala akili, ni kula, kuliwa na kuzaa. Kila mwaka alipiga magoti kati ya matairi akihesabu, madereva wakimpigia honi, na kila mwaka wa njano waliongezeka, tena kwa kasi iliyomshangaza yeye mwenyewe, hadi chuo kikamwandalia mhadhara wa wazi tarehe 8 Juni 1990, na ilijulikana kwamba akishuka jukwaani atakuwa mkuu wa idara.

Siku ya kuamkia mhadhara, mtunza bustani wa chuo aliingia maabara, kofia mkononi, akamweleza kwamba konokono walipomlia miche yake, wale wa njano hakuwa na moyo wa kuwaua, kwa kuwa aliwahi kumwona mwalimu akitabasamu alipompata mmoja, basi miaka yote alikuwa akiwaokota na kuwavusha ukuta, ili mwalimu afurahi. Alikuwa tayari kufyata mdomo mpaka kaburini, iwapo mwalimu angetaka, na dada alituambia kwamba jioni ile alitaka, alitaka sana.

Kesho yake alisimama, akasema kwamba jeni katika kundi la viumbe hubadilika wingi wake kwa njia kadhaa, kwa uteuzi, kwa mabadiliko ya ghafla ndani ya jeni zenyewe, kwa bahati tu, hasa kundi likiwa dogo, na kwa uhamaji, na kwamba yeye alidhani anahesabu uteuzi kumbe alikuwa akihesabu uhamaji, konokono walivushwa na mtu mwema ambaye hatamtaja. Ukumbi ulicheka, cheo kikaenda kwa mwingine, na mtunza bustani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akabaki na kazi yake.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, yeye na mtunza bustani huyo huyo, shemeji yetu mnayemwona hapa mbele, shangazi zetu wakinung'unika kwamba msomi anaolewa na mtu wa jembe, naye akiwajibu kwamba kati ya wasomi wote hakuna aliyewahi kumbebea konokono. Mungu aliwajalia binti tarehe 3 Aprili 1993, mpole kama baba, na mvulana tarehe 19 Agosti 1996, mbishi kama mama, na wote wawili wapo hapa.

Sharti la ndoa lilikuwa moja, shemeji asivushe tena konokono hata mmoja, na wakaanza kuhesabu upya, wawili, mmoja akipiga magoti na mwingine akizuia magari. Miaka ilipopita, wa njano wa maegesho walizidi polepole bila kubebwa na mtu, wa bustanini wakabaki vile vile, hadi Oktoba 2006 dada akarudi kwenye ukumbi ule ule, akasema sasa ni uteuzi, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa wote walijua kwamba huyu ndiye aliyewahi kusema siyo. Alipewa idara Januari 2007, akastaafu Machi 2018.

Moyo ulianza kumsumbua Septemba 2021, akatibiwa, akapata nafuu, akaugua tena, akafariki tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, na pengo lake hatujui tutaliziba na nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, aliowafundisha uteuzi wa asili kila walipomjia na sindano, majirani waliotupikia, walimu na wanafunzi wake wote. Shemeji ameniomba niongeze neno moja, kwamba mtakaopitia maegesho ya chuo mtazame mnapokanyaga, na mkimkuta wa njano, hata kama anawatia huruma, mwacheni hapo hapo alipo.

Pumzika kwa amani, dada, hatutamvusha hata mmoja.