Mzee Mchanga Amwacha Mgeni, Aondoka na Bibi

Ijumaa iliyopita, tarehe 30 Juni, dereva mkuu wa maabara yetu ya maji alistaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Wote tunamjua kwa jina la Mzee Mchanga, na asili ya jina hilo tutaifikia. Meneja aliniagiza mimi, dereva wa pikapu, niandike wasifu huu kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wote. Nilijaribu kukwepa. Mtu aliyemwonea mwenzake wivu tangu siku ya kwanza si wa kupewa kalamu, lakini Meneja akishasema, amesema.

Mzee aliajiriwa kuosha chupa za sampuli. Dereva wa wakati ule alipougua, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na leseni, akakabidhiwa gari dogo la rangi ya maziwa ambalo alilibandika jina la Bibi. Mkewe hakulipenda jina hilo hata kidogo. Bibi alikuwa gari la kizamani, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na magari ya aina hiyo yakiingia kwenye tope yakiwa mepesi hutikisa mkia tu, hayaendi. Kwa hiyo kila masika Mzee aliweka gunia la mchanga kwenye buti, na maji yakizidi unga alipiga kelele: "Wote nyuma!" Abiria walishuka, wakalikalia buti, Bibi akajikaza, akatoka. Nimemwona Meneja mwenyewe, na viatu vyake vya mkutano, amekaa juu ya buti lile anacheka mpaka machozi.

Pikapu yangu nayo ilikwama mara nyingi. Hakuna aliyekalia chochote. Walishuka, wakakunja mikono, wakaniuliza kama Mzee yuko karibu.

Kisha likaja gari jipya, stesheni wageni, lile lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti, refu, la buluu, lenye kiyoyozi, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mlinzi wa getini aliposikia kwamba inakuja stesheni wageni aliuliza ni wageni gani hao na watalala wapi, na tangu siku hiyo gari likaitwa Mgeni. Sitaficha: nililitaka gari lile. Pikapu yangu ilikuwa inapuliza hewa ya moto kiangazi na masika, na kitufe cha kuizima kilishang'oka zamani. Nilikuwa nimeshanunua hadi kitambaa cha kufutia dashibodi. Lakini mwenye nacho huongezewa. Ufunguo akapewa Mzee, nami nikakirudisha kitambaa mfukoni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakulitaka! Alizunguka uwanjani akinung'unika, "Gari gani hili linakokotwa kwa pua?" Alilalamika kwamba kwenye kona usukani unamvuta mkono kama mtoto aliyeona peremende. Kila asubuhi, kabla ya kumgusa Mgeni, alikwenda kumwasha Bibi nyuma ya stoo, eti betri isife. Mimi nililitazama lile gari la buluu kupitia kioo cha pikapu kilichopasuka, nikameza mate.

Mazoea yana taabu. Masika ya kwanza ya Mgeni, Mzee alilihamishia gunia lake huko nyuma, akapanga juu yake kreti za chupa, akawapeleka wenzetu wa sampuli kwenye chemchemi ya mlimani. Katikati ya mwinuko wakazama. "Wote nyuma!" akaamuru, nao wote wakakimbilia nyuma, kwa sababu Mzee amesema. Pua ya Mgeni ikainuka, magurudumu ya mbele yakabaki kuchimba mashimo, na kadiri yalivyochimba ndivyo Mzee alivyowahimiza wakalie nyuma zaidi. Mwishowe walinipigia simu mimi. Nilikwenda na pikapu na kamba, na nilikwenda taratibu, nikiifaidi siku yangu.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshaipanga hadithi nzima ya kusimulia kantini. Sikupata nafasi. Mzee alinitangulia, akaisimulia mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza, akiinuka kwenye kiti kuonyesha pua ya Mgeni ilivyopanda. Kantini ilivunjika mbavu, na aliyevuta kamba hakutajwa. Pale pale ndipo alipopewa jina la Mzee Mchanga. Mimi nikikosea naandikiwa barua ya onyo. Yeye akikosea anapewa jina la utani.

Kesho yake gunia lilihamia kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Lilikaa hapo misimu yote ya mvua, na watu walilisalimia, "Shikamoo, gunia," kabla ya kumsalimia dereva. Amri nayo ikawa "Wote mbele!" Naikiri kazi yake: hajawahi kuvunja chupa hata moja, si kwa Bibi wala kwa Mgeni, na katika barabara zetu hilo si jambo dogo. Mimi nimevunja nyingi.

Katika kumuaga, Maabara ilimzawadia Bibi. Ufunguo wa Mgeni alinipa mimi, mkononi, mbele ya watu, akasema, "Mtunze mgeni wangu. Ukikwama, usiwapeleke nyuma." Hatimaye! Nikaingia, nikawasha kiyoyozi, nikafuta dashibodi kwa kile kitambaa changu. Mtaalamu wetu wa sampuli akafungua mlango wa mbele, akakitazama kiti kitupu, akauliza gunia liko wapi.

Gunia lilikuwa kwenye buti la Bibi, linatoka getini. Kioo cha upande alikokaa mke wa Mzee hakipandi, moshi umetanda, na watumishi wote wanakimbia nyuma yao wakiimba "Wote nyuma! Wote nyuma!" Nimekaa ndani ya gari nililolitamani miaka yote hiyo, na nilichokionea wivu ni lile kuukuu.

Mzee Mchanga, tunakushukuru kwa kila chupa iliyofika salama, na tunakuombea uzee mwepesi na barabara kavu. Ukikutana na tope, shemeji akalie buti. Atakasirika, lakini mtatoka. Msipotoka, piga simu. Kamba ni ile ile na njia naijua. Ila nakuomba kitu kimoja, Mzee wangu: nipigie mimi, usimpigie mtu mwingine.