Atakayemnywesha Alavi

Benchi letu liko mbele ya duka la chai la Ayamu, pale njia ya msikitini inapoikuta barabara ya kwenda mji wa Malappuram. Wanaokaa hapo kila siku baada ya alasiri ni Moideen, tunayemwita Sharja kwa sababu alifanya kazi huko miaka ishirini na miwili na mdomo wake haujarudi mpaka leo. Kunjappu, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya mnazi mmoja. Na mimi Saidu, ambaye tangu nifiwe na mke wangu Biyathu mwaka jana nasikiliza zaidi kuliko ninavyosema. Wa nne wetu ni Alavi. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na Alavi alikuwa amelala kwake, nyumba ya pili kutoka dukani, ini limeharibika, anangoja amri ya Mungu. Nasi tulikuwa na jambo moja tu la kuzungumza. Alavi alikuwa amemchagua mtu wa kumtilia maji ya mwisho mdomoni kwa kijiko, na hakumchagua yeyote kati yetu. Alimchagua Mani, fundi miavuli.

— Mani! alisema Sharja. Mani wa miavuli! Mimi nimekaa na Alavi benchi hili miaka arobaini.

— Toa ishirini na miwili ya Sharja, alisema Ayamu huku akimimina chai.

— Nilikuwa namwandikia barua!

— Barua mbili. Na ya pili ulikuwa unamuulizia mbuzi wako.

— Tena si maneno ya mdomo, alisema Wakili. Iko kwenye karatasi, nimeiona kwa macho yangu. Mashahidi wawili, sahihi, muhuri. Kifungu cha kwanza, nisipelekwe kwenye mashine. Cha pili, nifie kitandani kwangu, dirisha la jikoni liwe wazi. Cha tatu, maji anipe Mani. Kifungu kizima, jamani! Mtu kapewa kifungu kizima kama kapewa shamba!

— Dirisha la jikoni la nini?

— Anataka amsikie mkewe akigombana na sufuria.

Walicheka, na mimi nilicheka kidogo. Lakini karatasi ile ilinichoma kuliko wao, na sababu yake waliijua. Biyathu alipozidiwa, mwanetu alipiga simu kutoka Doha akawaambia madaktari wafanye kila kinachowezekana. Wakafanya. Siku tisa alilala nyuma ya kioo, mpira kooni, na mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili na chupa ya maji ya Zamzamu mkononi. Kila nikibisha naambiwa, mzee, bado. Nilipoitwa ndani alikuwa ameshafunikwa. Siku ya sita Alavi alikuja kukaa nami kutwa nzima. Jioni, tukiwa kwenye basi, aliniambia, “Saidu, mimi kile kioo sikitaki.” Wiki iliyofuata akaenda kuandika karatasi. Basi alijifunza kufa vizuri kutokana na msiba wangu, halafu alipolala kitandani akaongeza kifungu cha tatu, na kijiko akampa mwingine.

— Mimi nimeshamwambia mwanangu wa Dubai, alisema Sharja. Nikianza kulegea tu, nipelekwe mjini Kochi moja kwa moja. Hospitali yenye lifti ya kioo. Mashine zote ziwashwe.

— Zote za nini, na wewe una mwili mmoja?

— Watu wajue nina mtoto! Na wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Sasa mtu akicheleweshwa kufa, si ndiyo baraka yenyewe?

— Mimi nataka sijda, alisema Wakili. Ijumaa. Ramadhani. Safu ya mbele, rakaa ya mwisho. Imamu anainuka, watu wanainuka, mimi siinuki.

— Unaagiza kifo kama unaagiza biriani, alisema Ayamu. Na hiyo safu ya mbele utaifikaje, wewe unayeingia msikitini wenzako wanavaa viatu?

— Siku hiyo nitawahi.

— Utajuaje kuwa ndiyo siku hiyo?

Wakili akanywa chai. Kisha akasema polepole, kama anayetoa ushahidi:

— Lakini Alavi atayapata yote aliyoyaandika. Mke yupo, binti yupo, kitanda chake, wauguzi wanamfuata kwa gari mpaka mlangoni kila Jumanne. Mimi nina watoto watano na sijui nani atanifumba macho. Yeye kapata mpaka mtu wa kijiko.

— Kalogwa, alisema Sharja.

— Nani?

— Alavi! Fikirini wenyewe. Miezi minne sasa, kila asubuhi kabla hajafungua kibanda, Mani anaingia mle ndani. Mtu mzima anaingia nyumba ya mgonjwa kila siku kutafuta nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

— Anamgeuza, alisema Ayamu. Anamwosha mgongo asipate vidonda.

— Ndiyo hapo sasa! Mgongo hauna macho. Mtu akikushika mgongo miezi minne, ulimi wako unafuata. Utaandika vifungu mpaka wino uishe.

— Hapana, Sharja, wewe huijui sheria, alisema Wakili. Alavi ameepa ugomvi. Sisi watatu, kijiko kimoja. Akimpa mmoja, wawili hawaji mazishini. Kwa hiyo akatafuta mtu asiye na upande.

— Mimi nisingekuja mazishini? Mimi?

— Ungekuja, ungesimama nje.

— Ningesimama nje, ndiyo, lakini ningekuja!

— Au kuna jambo kubwa zaidi, aliendelea Wakili, akainama na kushusha sauti. Alavi hana mpango wa kufa. Malaika anakuja, anachungulia dirisha la jikoni, anamwona Mani kakaa kitandani na majivu yake ya Kihindu kwenye paji la uso. Anasema, lo, hii si nyumba ya Waislamu, nimekosea mlango. Anarudi. Wanampa anwani upya, anakuja, anamkuta Mani. Alavi anafikisha miaka mia moja!

— Astaghfirullahi, nilisema. Wakili, malaika hachezewi. Na hakosei nyumba.

— Natania tu, kaka Saidu.

— Najua. Usitanie hilo.

— Hata hivyo ustadhi ameulizwa, alisema Ayamu. Amesema maji ni maji. Kalima ya shahada atamsomea bintiye Suhra. Kwa hiyo tulieni.

Mvua ilikuwa ikimwagika kwenye turubai la duka. Sikukusudia kusema, lakini maneno yalinitoka.

— Ningempa mimi.

Wote wakanitazama.

— Maji, nilisema. Ningempa mimi, na angeyapata vizuri. Nimeshika chupa siku tisa. Nani hapa anajua kungoja kama mimi? Usiku namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu nikilala simwombei Alavi afya. Namwomba Mungu Mani aende safari siku hiyo. Awe kwao, awe harusini, popote, mimi niitwe.

Hakuna aliyenicheka. Sharja alisogeza sahani ya vitumbua karibu yangu. Kwake hiyo ndiyo pole.

Muda si mrefu gari la wauguzi lilisimama kwa Alavi. Baada ya kama robo saa, akatoka mwanamke ambaye hatukuwa tumemwona kabla, viatu mkononi, gauni la kazi limelowa chini. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye turubai.

— Asalaam alaikum, wazee. Naitwa Sista Leela, ni mara yangu ya kwanza mtaa huu. Nimeambiwa nyinyi ndio rafiki zake Bwana Alavi.

— Miaka arobaini, alisema Sharja.

— Kwenye benchi hilihili, alisema Wakili.

— Vizuri sana. Basi mnisaidie. Tangu asubuhi hasemi tena. Mkewe amechoka, kila nikimuuliza analia, na bintiye bado yuko njiani. Nataka kujua kitu kimoja, ili nijue kiasi cha dawa. Huyu mzee akiumia, huonyesha vipi?

— Atalia, alisema Sharja. Kwani mtu akiumia hufanyaje?

— Nimemgeuza, hakulia. Sasa sijui kama haumii au anavumilia.

— Alavi ni mvumilivu, alisema Wakili. Mvumilivu sana huyo. Aliwahi kuvunjika mkono, akanywa chai hapa mpaka jioni.

— Ndiyo maana nauliza, mzee wangu. Wavumilivu huwa na alama. Mmoja hukunja vidole, mwingine huacha kupepesa macho. Yeye hufanyaje?

Sharja alitazama glasi yake kama barua zile mbili zilikuwa ndani yake. Ayamu aliipunguza sauti ya jiko. Mimi nilimtafuta Alavi katika miaka arobaini yote. Nilimwona akicheka, nilimwona akibishana juu ya uchaguzi, nilimwona kwenye basi lile amekaa kando yangu. Akiumia, sikumwona.

Alama ya Biyathu niliijua. Biyathu akiumwa halii. Huniuliza kama nimekula. Akiniuliza mara moja, ni kawaida. Akiniuliza mara mbili, na sahani bado iko mbele yangu, najua maumivu yamempanda. Siku tisa nilikaa pale nje na jibu hilo, na hakuna muuguzi aliyekuja kuniuliza.

— Yupo anayejua, nilimwambia Sista. Anaitwa Mani. Amekwenda sokoni ng'ambo ya daraja kununua vyuma vya miavuli, na simu hana.

— Atarudi saa ngapi?

— Akingoja basi, ni magharibi.

— Ni mbali hiyo. Kama anaumia, anaumia sasa.

Nikasimama. Magoti yangu siyo yale ya zamani, lakini darajani nafika.

— Unakwenda wapi na mvua hii? aliuliza Sharja. Kaka Saidu! Mani hayupo, binti hayupo, wewe upo. Si ndicho ulichoomba? Ingia ndani, ukae na kijiko!

Sista alinitazama. Mlango wa Alavi ulikuwa wazi, na kutoka benchini ni hatua thelathini tu. Nilisimama pale nikiutazama kwa muda ambao sitausema.

— Nikimtilia maji naye anaumia, nisijue? nilimwambia Sharja.

Nikaweka kitambaa kichwani, nikashika njia ya daraja. Wivu haukubaki benchini. Nilitembea nao mpaka sokoni, ukinisemesha njia nzima, na bado, nilipomwona Mani, nikamwita kwa jina, nikamwambia Alavi anamngoja.